Embakasi Ilivyokatwa, Garsen Ikabaki

Watoto wa Idsowe, sogeeni. Leo nawasimulia habari za eneobunge lililokufa. Halikuwa huku kwetu kando ya mto Tana. Lilikuwa Nairobi, kwenye viunga vya mashariki ya jiji, na jina lake Embakasi. Lakini habari zake zinatuhusu, maana siku lilipokatwa vipande vitano, eneobunge letu la Garsen nalo lilipimwa kwa mizani ileile.

Siku ya uchaguzi mkuu, mzazi wako akiingia kituoni hupewa karatasi sita, kila moja na rangi yake. Ya kijani ni ya mbunge. Mpiga kura wa Idsowe hukuta humo majina ya wagombea wa Garsen tu. Nenda Hola, utakuta majina mengine kabisa, kwa sababu Hola iko eneobunge la Galole. Kumbe kuna mstari mahali fulani nyikani. Ng'ombe wanauvuka kila siku wala hawaujui, lakini ndio unaoamua nani atakusemea Bungeni. Mstari huo umechorwa na watu, na watu huweza kuufuta.

Zamani mistari ilikuwa michache mno. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, viti vyao vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Pwani yote, nasi tukiwamo, ilipewa kiti kimoja, akakishinda mwalimu Ronald Ngala. Na si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura. Wakoloni waliangalia elimu yako, mapato yako, mali yako. Mwenye sifa nyingi aliweza kupata hadi kura tatu, na jirani yake mkulima asipate hata moja! Mwaka 1958 viti viliongezwa. Mombasa ikatengwa, ikamchagua Francis Khamisi, na Ngala akabaki na Pwani ya mashambani.

Mwaka 1963 ndipo kila mtu mzima alipopata kura yake moja. Maeneobunge yalikuwa 117, na Seneti ikawa na viti 41. Baraza la wabunge na Seneti yalipounganishwa, viti vikawa 158. Uchaguzi wa 1988 ulifanyika kwa viti 188, na ule wa 1997 kwa viti 210. Kisha hesabu ikaganda hapo kwa miaka mingi, watu wakiendelea kuzaana na kuhama.

Na wapi walikohamia? Wengi walikwenda Embakasi.

Huko kulikuwa na uwanda mkavu wa udongo mweusi. Uwanja wa ndege ulifunguliwa hapo mwaka 1958, nao ulijengwa kwa jasho la wafungwa waliokamatwa wakati wa vita vya Mau Mau. Miaka ya 1970 Dandora ilikatwa viwanja kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mtaa wa Umoja ukajengwa kwa msaada wa Marekani. Baadaye zikaja Kayole, Komarock, Pipeline yenye maghorofa yaliyobanana hadi jua halifiki chini, na Mukuru kwa Njenga yenye vyumba vya mabati. Mtu aliyetoka kijijini kutafuta kazi ya kiwandani alipanga chumba huko, kwa sababu kodi yake aliimudu. Sensa ya 2009 ilipofanywa, Embakasi ilikuwa na watu 925,775. Eneobunge moja, mbunge mmoja!

Mbunge huyo mwaka 2002 alikuwa David Mwenje. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulimpa Mugabe Were kiti hicho, lakini hakukaa nacho. Alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake tarehe 29 Januari 2008, nchi ikiwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi. Uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo ukamleta Ferdinand Waititu, naye ndiye aliyekuwa mbunge wa mwisho wa Embakasi nzima.

Sasa tazameni upande wetu. Sensa hiyohiyo ya 2009 ilihesabu watu 96,664 Garsen. Galole walikuwa 60,866, Bura 82,545. Jumlisheni mpate kaunti yetu yote ya Tana River: 240,075, yaani karibu robo tu ya watu wa Embakasi, na bado sisi tulikuwa na wabunge watatu.

Mnaona shida ilipo. Bungeni, mbunge wa Garsen ana kura moja na wa Embakasi alikuwa na kura moja. Hata fedha zilifuata njia hiyo. Hazina ya maendeleo ya maeneobunge, CDF, ilianzishwa mwaka 2003. Sehemu kubwa ya fedha hizo, asilimia 75, iligawiwa sawasawa kwa kila eneobunge, na iliyobaki ikafuata kiwango cha umaskini. Ilikuwa kama kupeleka sinia moja la wali kwenye nyumba ya watu watatu, na sinia moja kwenye nyumba ya watu thelathini. Mtoto wa Kayole aliyeomba basari alikuwa kwenye foleni ndefu mara tisa na zaidi kuliko ya mtoto wa Idsowe. Mimi ni mtu wa Tana, na nasema wazi kwamba watoto wale walionewa.

Lakini msikubali pia kuambiwa kwamba idadi ya watu ndiyo kila kitu. Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Nairobi yote ingeingia humo mara 50. Mbunge wa Embakasi aliweza kuzunguka mitaa yake kwa matatu. Wa Garsen ana Kipini, Tana inapomwaga maji baharini, ana mashamba ya Wapokomo kandokando ya mto, ana malisho ya Waorma na Wardei ndani kabisa nyikani. Mvua kubwa ikinyesha huko milimani na mabwawa yakifurika, maji yanatufikia sisi. Barabara ya Malindi kwenda Lamu inakatika, watu wanavushwa kwa mashua, na kijiji cha karibu kinakuwa mbali.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuyaweka yote mawili pamoja. Iliweka maeneobunge 290. Gawanyeni Wakenya 38,610,097 wa sensa ile kwa 290, mtapata wastani wa watu 133,138. Kisha ikaruhusu majiji, na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, kupishana na wastani huo kwa asilimia 40, juu au chini. Kwa jiji, kikomo cha juu kilikuwa watu 186,394.

Chukueni kalamu. Watu wa Embakasi gawanyeni kwa 4. Mnapata zaidi ya 231,000, kikomo kimevukwa. Gawanyeni kwa 5. Mnapata 185,155. Imeingia! Tume ya uchaguzi na mipaka ilitangaza mipaka mipya Machi 2012, na katika uchaguzi wa 4 Machi 2013 Embakasi haikuwapo tena. Dandora ikawa Embakasi Kaskazini, Kayole Embakasi ya Kati, Umoja Embakasi Magharibi, Utawala Embakasi Mashariki, na Pipeline na Mukuru kwa Njenga zikaenda Embakasi Kusini. Nairobi nzima ilitoka wabunge 8 ikapata 17.

Sisi tulibaki na watatu wetu. Fanyeni hesabu upande wa chini nao: kikomo kilikuwa 79,883. Garsen imepita, Bura imepita chupuchupu, Galole imeanguka. Iliokolewa na kifungu cha Katiba kilichosema kwamba mapitio yale ya kwanza yasifute eneobunge lolote lililokuwapo.

Hayo yalikuwa mapitio ya kwanza. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12, lakini Machi 2024, miaka 12 ilipotimia, ilipita wakati tume yenyewe haikuwa hata na makamishna. Mistari itakapochorwa upya, tume inatakiwa kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya kuamua. Na asiyeridhika, awe wa Pipeline au wa Idsowe, ana siku 30 tangu mipaka ichapishwe kwenye gazeti rasmi la serikali kwenda Mahakama Kuu, na kesi yake lazima iamuliwe ndani ya miezi mitatu.