Mzaha wa Barieri Umeishia Wapi?

Chukua mzaha wa aina waliyoipenda wazee wa Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo, enzi za Zaire. Mtu anatoka Djugu na baiskeli, nyuma amefunga mbuzi. Kwenye barieri, yaani kizuizi cha barabarani, askari anadai karatasi za baiskeli, zipo. Anadai kadi ya raia, ipo. Anadai risiti ya kodi, nayo ipo. Askari anakuna kichwa, anamgeukia mbuzi. "Na huyu, kadi yake iko wapi?" Mwenye mbuzi anajibu papo hapo: "Afande, huyu hajafikisha miaka 18."

Mzaha huu unasimama juu ya jambo moja tu, kwamba kuulizwa kadi ni kero ya kawaida. Askari hajalipwa mshahara, raia analijua hilo, na wote wawili wanajua mazungumzo yataishia kwenye noti. Mei 2003 nguzo hiyo ilianguka. Jeshi la Uganda liliondoka Bunia, wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu wakaugombania mji, hadi kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kilipoingia mwezi Juni. Kwenye vizuizi vya siku zile, jina na kijiji cha asili viliamua nani apite na nani abaki pale pale. Kadi ya mpiga kura, kitambulisho cha leo, bado inaonyesha mwenye nayo ni wa teritwari gani. Aliyefiwa na ndugu kwenye kizuizi atamchekaje mbuzi?

Wengi, wakieleza kupotea kwa mizaha hii, huilaumu simu. Wanasema vijana wamezama kwenye video za Kinshasa na Kampala, hawana subira ya kumsikiliza mzee akivuta kisa polepole. Kuna ukweli kidogo hapo, lakini Dar es Salaam na Mombasa nako kuna simu, na watu bado wanataniana barazani. Kilichopungua Bunia ni meza yenyewe, ile iliyokuwa na mtaniwa akiwa amekaa papo hapo na chupa yake, tayari kulipiza.

Ituri ilikuwa na utajiri wa meza za namna hiyo. Walendu wakulima, Wahema wenye ng'ombe, Wabira, Waalur wa upande wa Mahagi, Wanande wa biashara, wote katika mji mmoja. Tena Wahema wa kaskazini, wanaoitwa Wagegere, lugha yao ni Kilendu hicho hicho, na pande hizo mbili zilioana. Kejeli kuhusu maziwa ya huyu na mihogo ya yule haikuhitaji mkalimani, na aliyechomwa alijibu kwa lugha ile ile, shemeji zake wakisikiliza. Vita vya 1999 hadi 2003, vilivyoua watu zaidi ya 50,000 kwa makadirio, viligawa hata mitaa ya mji. Mudzipela ikabaki ya Wahema, Walendu wakakimbilia kwingine. Kejeli zenyewe hazikufa, ila zilihamia kwenye vikao vya upande mmoja, na huko, mlengwa asipokuwepo kujibu, maneno yale yale ya maziwa na mihogo huwa mashtaka. Kongo ina sheria ya tangu 1966 inayoadhibu ukabila. Mtu mwenye akili timamu hafanyi mzaha wa kabila mbele ya asiowajua.

Vita peke yake havitoshi kueleza hili. Kusini mwa Tanzania, Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mngoni anaweza kumzomea Mhehe msibani na hakuna anayekasirika. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba vita vile viliisha. Waliopigana walizeeka, wajukuu wakakutana kwenye mashamba ya mkonge na safari za kazi, matusi ya zamani yakapewa kanuni. Ituri haijapata nafasi hiyo. Desemba 2017 mauaji yalirudi Djugu, kundi la wanamgambo la CODECO likajitokeza, na pembezoni mwa Bunia zikaota kambi za waliohamishwa, Kigonze ikiwamo. Haiwezekani kugeuza kuwa utani jambo ambalo wiki iliyopita limechoma kijiji.

Askari wa mzaha wa zamani naye habari yake imebadilika. Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa: gavana akawa mwanajeshi, na raia wenye makosa ya jinai wakaanza kupelekwa mahakama ya kijeshi. Enzi za Mobutu pia watu waliogopa, hilo tusilisahau. Lakini walikuwa na mlengwa mmoja wa pamoja, yule askari, na kumcheka hakukumpa jirani sababu ya kukutazama vibaya.

Kinachopita bado ni mzaha usio na kabila. Umeme, vumbi, motari, yaani dereva wa pikipiki, anayedai anaijua njia. Ni vichekesho vyepesi, havigusi mtu. Hata hivyo sokoni vinafanya kazi yake. Mteja huinua samaki kwa mkia na kumwambia mama muuzaji kwamba huyu ametoka Kasenyi ziwani akiendesha gari mwenyewe, ndiyo maana amechoka kuliko dereva. Mama hucheka, majirani zake wa meza hucheka, na bei haishuki hata faranga.