Maana ya Neno "Wakfu"
Neno "wakfu", lisikikalo Diani na Msambweni, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kusimamisha au kuzuia. Mtu akiliweka shamba lake la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti, milki yake husimama hapo: haliuzwi, halitolewi zawadi, wala halirithiwi. Mazao hutumika, lakini shamba lenyewe halihamishwi. Msimamizi wake ni mtunzaji tu, si mwenye mali. Nao Wakristo husema kanisa limewekwa wakfu, yaani limetengwa kwa Mungu.

Katika Kenya, sheria ya mwaka 1951 iliwapa Makamishna wa Wakfu kazi ya kusimamia mali hizo. Basi anunuaye shamba na awaulize wazee kwanza. Aliyeuziwa wakfu hupoteza fedha, na ardhi asiipate.