Nyumba na Ardhi Yake (2): Chumba Kipya Ukingoni mwa Bwawa

Katika nyumba nyingi za Boko, Dar es Salaam, zenye bwawa la kuogelea, bwawa lilichimbwa kabla mwenye nyumba hajajua familia yake itafikia watu wangapi. Kisha bibi akahamia kutoka mkoani, kijana akamaliza chuo na kurudi nyumbani, na vyumba vitatu vikawa haba. Pa kuongeza hapaonekani ila nyuma: ule ukanda wa mita tatu au nne kati ya ukuta wa jikoni na ukingo wa bwawa, penye kamba ya kuanikia nguo.

Fundi huitwa. Hupiga hatua nne, hugeuka, hupiga nyingine tatu, kisha hutoa hukumu: “Bosi, hapa chumba kinakaa, na choo chake.” Kwa juu ya ardhi, amesema kweli.

Chini ya ardhi hesabu ni nyingine. Uzito wa ukuta haushuki wima kama timazi. Hutawanyika pembeni, kama mchele unaomiminwa kwenye sinia. Ndiyo maana mhandisi huchora mstari kutoka ukingo wa chini wa msingi, ukiteremka kwa nyuzi 45 kuelekea bwawani. Ukipita chini ya sakafu ya bwawa, hakuna ugomvi. Ukikutana na ukuta wa bwawa, ukuta huo umetwishwa mzigo ambao haukujengwa kuubeba. Tuseme bwawa limeshuka mita 2 pamoja na unene wa sakafu yake, na msingi wa chumba utashuka sentimita 80. Tofauti ni mita 1.2, na hicho ndicho kiasi cha chini cha kuachana, endapo udongo ni mgumu.

Boko si kila mahali pagumu. Ukanda huu wa pwani una mchanga, una tabaka za mfinyanzi, na una mawe ya chokaa ya matumbawe, jamaa ya yale yanayochimbwa hapo jirani Wazo kwa ajili ya saruji. Kiwanja kimoja fundi anavunja sururu kwenye jiwe; cha pili, nyumba tatu mbele, mchanga unamwagika kama sukari. Mchanga mkavu ukilundikwa hutulia kwa mteremko wa nyuzi 30 na kidogo tu, hivyo mwangalifu ataizidisha ile mita 1.2 mara mbili. Ukitoa mita 2.4 kwenye ukanda wa mita nne, kinachobaki kinatosha stoo ya mkaa.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye ramani yoyote. Shimo la bwawa huchimbwa pana kuliko bwawa lenyewe, ili mafundi wapate pa kusimama wakifunga nondo na mbao. Zege likishakauka, ile nafasi ya pembeni hurudishiwa udongo, mara nyingi pamoja na kifusi, mifuko ya saruji na vipande vya tofali, bila kushindiliwa. Juu yake hupangwa vigae vizuri na kila mtu akasahau. Msingi mpya ukiangukia hapo, nusu ya chumba itakaa juu ya ardhi ya asili na nusu juu ya takataka zilizofunikwa. Ufa wa kwanza utatokea pale chumba kipya kinapokutana na nyumba ya zamani, na hapo atalaumiwa mpiga plasta.

Basi msingi si ushushwe tu hadi usawa wa sakafu ya bwawa? Wazo ni zuri, lakini linaamsha hatari ya pili. Bwawa lililojaa na udongo unaolizunguka vimeegemeana: maji yanasukuma nje, udongo unasukuma ndani. Kwenye ukuta wenye urefu wa mita 8 na maji ya kina cha mita 1.5, msukumo wa maji hufikia tani 9. Mtu akichimba mtaro mrefu sambamba na ukuta huo, ameuondolea mwegemeo wake kwa alasiri moja.

Wengi hujibu upesi: toa maji. Hapo sasa ndipo masika yanapoingia kwenye hesabu. Kati ya Machi na Mei maji ya ardhini hupanda katika maeneo ya chini ya Boko. Wakazi wa mtaa wa Basihaya hawahitaji mtaalamu kuwaeleza habari za maji yanayotuama. Bwawa tupu ndani ya udongo uliojaa maji ni mtumbwi wa zege. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, kuta na sakafu zenye unene wa sentimita 20. Zege lote lina uzito wa kama tani 35. Maji yaliyomo ni tani 48. Yakitolewa, na maji ya ardhini yakapanda karibu mita moja tu kutoka chini ya sakafu, msukumo wa kwenda juu unalingana na uzito wa zege. Yakizidi hapo, bwawa linaweza kuinuka, likapasua vigae na kukata mabomba, na chumba kilichojengwa ukingoni kikainuliwa upande mmoja. Baadhi ya mabwawa yana valvu ndogo sakafuni inayoruhusu maji ya ardhini kuingia ili kupunguza msukumo huo. Mengine hayana, na mengine yanayo ila ilizibwa zamani na fundi aliyedhani inavuja.

Njia ya kati ipo. Mtaro huchimbwa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kwa vipande vifupi vya kama mita moja, kimoja kikimiminwa zege kabla ya jirani yake kufunguliwa. Au nguzo husimamishwa mbali na bwawa, zikashushwa hadi kwenye ardhi imara, na boriti ya zege ikatokeza kubeba ukuta wa mbele bila kuugusa ule udongo uliorudishiwa. Gharama hupanda, kweli. Wakati mwingine mhandisi mwaminifu atashauri kupandisha ghorofa upande wa pili wa nyumba, na atakuwa amempunguzia mteja gharama.

Uchimbaji kando ya kitu kilichosimama si hofu ya vitabuni. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, moja ya mambo yaliyotajwa mapema ni kazi ya kuchimba chini yake. Chumba cha Boko ni kidogo mno kulinganishwa na lile jengo, ila udongo haubadilishi tabia kwa sababu mradi ni mdogo.

Kabla ya yote hayo, ndoo moja inaweza kusema mengi. Ijazwe maji, iwekwe kwenye ngazi ya bwawa, usawa wa maji ndani na nje ulingane, na pampu izimwe. Baada ya saa 24, jua litakuwa limepunguza pande zote mbili kwa kiasi kimoja. Bwawa likiwa limeshuka kuliko ndoo, linavuja, na maji hayo yanabeba mchanga kutoka mahali ambapo msingi mpya unatarajiwa kukaa.

Mabomba ya kwenda kwenye pampu, waya wake na karo la choo huhitaji kutafutwa kwa jembe, si kwa kumbukumbu. Paa pia lina neno: likiwa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 50 hulimwagia lita 2,000 usiku mmoja, na haifai zimwagwe ukingoni mwa bwawa.

Na mlango. Familia nyingi hutaka chumba kipya kifunguke moja kwa moja bwawani, na mchoraji huwaridhisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kama chumba ni cha bibi anayelea wajukuu, mlango utazame jikoni, na upande wa bwawa pawe na dirisha lenye nondo.

Anayetaka kujenga Juni aanze masika haya haya: achimbe shimo jembamba la mita mbili pale penye kamba ya nguo, mbali na ukuta wa jikoni na ukingo wa bwawa, alifunike watoto wasitumbukie, na kila Jumamosi asome maji yamefika wapi kwa fimbo iliyochorwa alama. Karatasi ya vipimo hivyo ndiyo mhandisi ataiomba kwanza. Toleo lijalo litaifuata ramani kutoka mezani kwa mbunifu majengo hadi kwenye kibali cha ujenzi, Manispaa ya Kinondoni.