Msafiri wa Walikale asitegemee njia moja ya pesa

Wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipoingia Goma tarehe 27 Januari 2025, benki za mji huo zilifunga milango, na mashine za kutolea pesa zikafungwa pamoja nazo. Wafanyabiashara waliokuwa na kadi mbili za benki mbili tofauti walikuwa wamejiona salama: moja ikigoma, nyingine itaokoa safari. Siku hiyo zilikwama zote mbili kwa sababu ileile. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba kuwa na njia nyingi za pesa si sawa na kuwa na njia zinazotofautiana.

Kwa mtu wa Walikale somo hilo lina uzito wa pekee. Teritwari yetu ndiyo kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, msitu juu ya msitu, na kituo chake kiko kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda Kisangani. Anayefanya biashara hapa hawezi kukaa mahali pamoja. Mawese yanapanda kwenda Masisi na Goma; maharagwe, jibini, vitenge na sabuni vinateremka. Kila safari ina swali moja kabla ya swali la gari au pikipiki: pesa nitaibeba vipi?

Huko Marekani swali kama hilo limegeuzwa kuwa elimu nzima. Watu wanapanga kadi za mkopo zinazolipa pointi za safari: moja ya kununulia chakula kwa sababu inatoa pointi nyingi dukani, nyingine ya tiketi za ndege, ya tatu ya kutumia nje ya nchi kwa sababu haikati ile ada ya muamala wa kigeni ambayo mara nyingi hufika asilimia 3. Anayelipa deni lote kila mwezi anafaidi. Anayelibakiza anatozwa riba inayoweza kupita asilimia 20 kwa mwaka, na tiketi aliyoiona ya bure inakuwa ghali kuliko ya kulipia taslimu. Mashabiki wa kadi hizo wamepatia jambo moja: kila kadi wameipa kazi yake, na hakuna kadi moja inayobeba safari yote.

Kanuni hiyo inatufaa sisi pia, ingawa zawadi yetu ni tofauti. Kwetu, zawadi ya mseto mzuri ni kufika Mubi au Njingala, huku kwetu Walikale, ukiwa na mtaji wako mzima, na kurudi nao.

Tuanze na dola za mkononi. Hakuna kinachozishinda kwa kukubalika, kuanzia Goma hadi kwenye machimbo. Lakini angalia jinsi muuza duka anavyopokea noti ya 50. Anainyoosha kwenye meza, anapitisha kidole ukingoni, anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza. Mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto unatosha kuirudisha kwako, au kuishusha thamani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msafiri ni kuzikagua noti zake mwenyewe kabla ya kuondoka, akiwa bado mjini, mahali ambapo wabadilisha pesa ni wengi na bado anaweza kuchagua wa kumwendea. Udhaifu mwingine wa dola unajulikana: zikiibiwa, zimekwenda. Kuzigawa katika mifuko miwili ya begi moja hakusaidii kitu, maana anayechukua begi anachukua mifuko yote.

Faranga za Kongo nazo zina kazi yake. Noti kubwa kuliko zote ni ya 20,000, na mwanzoni mwa 2025 dola moja ilikuwa inapita faranga 2,800, kwa hiyo hakuna anayeweza kubeba mtaji mkubwa kwa faranga bila kujaza mfuko. Lakini chakula cha njiani, dereva wa pikipiki, malazi na barieri, yaani vizuizi vya barabarani, vinalipwa kwa noti ndogo. Na barieri si chache: uchunguzi wa shirika la IPIS uliotolewa 2017 ulihesabu 798 katika Kivu zote mbili. Mtu anayetoa noti ya dola 100 mbele ya kamba ya barieri ameonyesha yaliyomo mfukoni kwake. Anayetoa faranga chache alizoziandaa kando anapita bila maneno mengi.

Kisha simu. M-Pesa ilianza Kongo mwaka 2012, miaka 5 baada ya Kenya; Airtel Money na Orange Money nazo zipo. Uzuri wake kwetu ni kwamba mtu anaweza kuwa na akiba ya dola na ya faranga kwenye laini moja, na mwizi wa njiani haioni. Ila namba iliyo kwenye simu inageuka pesa pale tu panapokuwa na mambo matatu: mtandao unaoshika, moto kwenye betri, na wakala mwenye pesa taslimu. Likikosekana moja, namba inabaki namba. Benki zilipofungwa Goma, mawakala walikosa mahali pa kujazia pesa; foleni zikarefuka na wengine wakaongeza makato juu ya yale ya kampuni. Kwa hiyo kabla ya safari mpigie simu mtu aliye kule unakokwenda umuulize mambo mawili: mtandao gani unafanya kazi wiki hii, na wakala anatoa dola au anatoa faranga. Ukiwa na laini mbili ziwe za kampuni mbili tofauti.

Walikale ina historia yake ya mkopo, na haikuhitaji kadi. Katika miaka ya 2000, kasiteriti, yaani mawe ya bati, ya machimbo ya Bisie ilipokuwa inatoka msituni migongoni mwa wapagazi hadi Njingala, ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara huko Kilambo kuichukua. Kontwari za Goma, yaani nyumba za kununua madini, ziliwatangulizia pesa manegosia, wachuuzi wa madini, wao wakanunua magunia, wakayatuma, na hesabu ikafungwa baadaye. Ulikuwa mkopo wa uaminifu, nao ulihuisha masoko yote ya njiani. Kisha Septemba 2010 Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Aliyekuwa ameshika pesa ya kontwari akabaki na deni bila magunia ya kulipia, na wapagazi na mama wauza chakula wakakosa wateja. Mkopo wenye chanzo kimoja unakauka siku chanzo kinapofungwa.

Jambo hilohilo lilijirudia Machi 2025. Kampuni ya Alphamin, inayochimba bati huko Bisie, ilisimamisha kazi tarehe 13, na tarehe 19 M23 ikaingia Walikale-kati. Wapiganaji waliondoka mwanzoni mwa Aprili na mgodi ukaanza tena kidogo kidogo, lakini kwa majuma hayo kazi ilikuwa imesimama. Waliopata pumzi ni wenye likelemba, wale wanaochangiana kila juma na kupokea kwa zamu, kwa sababu pesa ile haikuwa benki wala mgodini. Ilikuwa katika nyumba za watu wanaojuana.

Neno pia kwa ndugu walio Marekani na Ulaya, maana wengi wetu tunasafiri kwa pesa yao. Kabla ya kututumia kwa kadi ya mkopo ili kukusanya pointi, ulizeni benki yenu inauhesabuje muamala huo. Kuna benki zinazouchukua kama kutoa pesa taslimu kwa mkopo: ada juu, riba kuanzia siku ya kwanza, na pointi hakuna. Kadi ya kawaida ya akaunti mara nyingi ni nafuu zaidi. Na wanaokuja kwa ndege wajue kwamba kujiunga na mpango wa maili kama ShebaMiles wa Ethiopian Airlines ni bure, hakudai kadi ya mkopo.

Basi mseto upi unafaa? Mimi nasema hivi: usihesabu njia, hesabu sababu zinazoweza kuziharibu. Dola zinaharibiwa na mwizi na mpasuko. Simu inaharibiwa na mnara uliozimika na wakala mtupu. Kadi inaharibiwa na benki kufungwa. Mkopo unaharibiwa na mgodi kusimama. Likelemba inaharibiwa na mmoja asiyelipa. Hakuna hata moja iliyo salama, lakini hazianguki kwa sababu moja. Mwenye sehemu ya mtaji katika dola safi, sehemu kwenye laini ya mtandao unaoshika kule aendako, faranga za njiani kando, na zamu yake ya likelemba nyumbani, akipatwa na balaa moja atapoteza sehemu, hatapoteza vyote.

Kampuni za simu nazo zina wajibu. Zinakata ada kwa miamala ya vijiji vyetu kama Mubi na Itebero kama zinavyokata Kinshasa; basi zihakikishe mawakala wa huko wana pesa ya kutoa, na makato yaandikwe ukutani ambapo mama asiyetaka kuaibishwa anaweza kuyasoma kabla ya kutoa namba yake ya siri. Wewe msomaji unayepanga kuteremka wiki ijayo, usingoje wao. Leo jioni kagua noti zako, piga simu kule uendako, na ugawe mtaji wako kabla ya kupanda gari.