MAINGILIANO YA KIRANGI NA MAISHA YA CHUONI YA WANAFUNZI WEUSI WA KIUME NCHINI MAREKANI

1.0 Utangulizi

Dhana kwamba watu wa rangi mbalimbali wakichanganyika huishia kuelewana imetawala mijadala ya elimu ya juu nchini Marekani kwa miongo mingi. Makala haya yanafafanua kwamba, kwa mwanafunzi Mweusi wa kiume, jambo la msingi si wingi wa maingiliano hayo bali ni masharti yanayoyatawala na mgawanyo wa gharama zake.

2.0 Masharti ya Maingiliano

Mwaka 1954, mwaka ambao Mahakama ya Juu ilibatilisha utengano wa kirangi katika shule za umma, mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kuwa maingiliano hupunguza chuki endapo masharti manne yatatimizwa: wahusika wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na mamlaka iunge mkono uhusiano huo. Ni dhahiri kwamba kuketi darasa moja hakutoshelezi masharti hayo. Mwanafunzi anayechaguliwa mwisho katika kundi la mazoezi, au anayetakiwa kuwasemea Weusi wote, yumo katika maingiliano, lakini hayumo kwa hadhi sawa.

3.0 Gharama za Maingiliano

William Smith, Walter Allen na Lynette Danley walichapisha mwaka 2007 utafiti uliowahusu wanafunzi Weusi 36 wa kiume kutoka vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo Harvard na Michigan. Wanafunzi hao walieleza jinsi walivyotiliwa shaka na polisi na kuonekana wavamizi katika vyuo vyao wenyewe. Watafiti waliihusisha hali hiyo na hasira, hofu na kukata tamaa.

Aidha, madhara hutokea hata pasipo tusi. Majaribio ya Claude Steele na Joshua Aronson ya mwaka 1995 yalionyesha kwamba wanafunzi Weusi walioambiwa kuwa mtihani unapima uwezo wao wa akili walifanya vibaya zaidi kuliko walioambiwa kuwa haupimi uwezo huo. Kujua tu jinsi jamii inavyomdhania kulitosha kumlemea mtahiniwa.

Kwa mtazamo huo, meza ya Weusi peke yao katika bwalo la chakula yafaa ifasiriwe kuwa mahali pa kupumzika, wala si ushahidi wa kujitenga.

4.0 Hitimisho

Mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliruhusu vyuo kuzingatia rangi katika udahili kwa hoja kwamba mchanganyiko huwanufaisha wanafunzi wote kielimu. Uamuzi wa mwaka 2023 uliifunga njia hiyo. Hata hivyo, hoja ya manufaa ilikuwa na kasoro tangu awali: ilihesabu faida ya darasa zima bila kuuliza ni nani anayeilipia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chuo kinachojivunia mchanganyiko hakina budi kumsikiliza kwanza yule anayekilalia.