Usambazaji wa filamu za Bongo

Usambazaji wa filamu za Bongo ni jinsi filamu za Kiswahili zinazotengenezwa Tanzania, hasa jijini Dar es Salaam, zinavyotoka kwa mtayarishaji hadi kumfikia mtazamaji. Filamu hizo huitwa pia Bongo muvi. "Bongo" ni jina la mtaani la Dar es Salaam, na siku hizi hutumika hata kwa nchi nzima. Tasnia hii ilikua haraka bila ruzuku ya maana, kisha ikayumba. Sababu kubwa ya kuyumba kwake iko kwenye swali la nani anamiliki filamu baada ya kuuzwa.

Kutoka kumbi za mjini hadi vibanda vya mitaani

Kabla ya video, mkazi wa Dar es Salaam aliyetaka kutazama filamu alikwenda mjini, kwenye kumbi kama Empire, Avalon na Odeon, au kwenye sinema ya magari iliyofunguliwa mwaka 1966 upande wa Msasani (kiwanja hicho sasa kina ubalozi wa Marekani). Filamu nyingi zilitoka India, Marekani na Hong Kong. Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, lakini filamu ndefu za hadithi zilizotengenezwa nchini zilibaki chache, maana mikanda na kazi ya maabara vilidai fedha za kigeni.

Video ilibadilisha hali hiyo. Kumbi za mjini zilifungwa moja baada ya nyingine, na mabanda ya video yakaenea Manzese, Tandale, Mwananyamala, Tandika na Mbagala. Banda la namna hiyo huitwa kibanda umiza: chumba cha mabati au turubai, mabenchi yaliyobanana, joto, televisheni moja na deki, na nje ubao wenye ratiba iliyoandikwa kwa chaki. Humo filamu za kigeni zilioneshwa pamoja na sauti ya msimulizi aliyezitafsiri kwa Kiswahili. Aliyevuma zaidi ni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu. Wasimulizi hawa hawakutafsiri maneno tu. Walifafanua mambo, walitia mzaha na kuifanya hadithi ya mbali ionekane ya nyumbani. Walidhihirisha kwamba watu wa kipato cha chini wako tayari kulipa ili wapate hadithi kwa lugha yao.

Filamu zenyewe za Kiswahili zilitokana kwa kiasi kikubwa na vikundi vya maigizo. Baada ya kituo cha ITV kuanza mwaka 1994, vikundi kama Kaole Sanaa Group vilipata nafasi ya kuonekana kila wiki, na humo walipita Steven Kanumba, Vincent Kigosi (Ray) na Blandina Chagula (Johari). Mwaka 2003 ilitoka filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, na mwaka 2006 ikatoka Johari. Sinza, wakati huo ikiwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni, ikawa makao ya waigizaji na watayarishaji wengi.

Kuuza masta

Filamu ikishakamilika, mtayarishaji aliipeleka kwa msambazaji, mara nyingi Kariakoo. Kilichouzwa kiliitwa masta, yaani nakala mama. Kwa mkataba wa kawaida mtayarishaji alilipwa mara moja tu, na pamoja na masta akatoa haki zote: kudurufu, kuuza, kurusha kwenye televisheni na matumizi mengine yoyote ya baadaye.

Mfano wa kubuni utasaidia. Tuseme masta imeuzwa kwa shilingi milioni 20. Zikiuzwa nakala 5,000, msambazaji huenda amepata hasara. Zikiuzwa 100,000, faida yote ni yake. Mtayarishaji hapotezi kitu katika hali ya kwanza wala hapati kitu katika ya pili. Utaratibu huo haukuwa wizi, na kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba na posho za waigizaji, fedha taslimu mkononi ilikuwa na mvuto wake. Lakini uliathiri hata namna ya kutengeneza filamu. Hadithi moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe diski mbili, na kwa kuwa kipato kilitokana na idadi ya masta, filamu zilipigwa kwa siku chache.

Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, maelfu ya watu walijaa viwanja vya Leaders Club, Kinondoni, kumuaga. Umati ule ulionesha jinsi filamu hizi zilivyopendwa, ingawa mapenzi hayo hayakuwa yakigeuka kuwa kipato cha kudumu kwa wasanii.

Uharamia na sheria

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanzisha COSOTA. Mwaka 2013 zikaletwa stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki ili nakala halali itambulike. Hata hivyo diski zilizochomwa kienyeji, na baadaye muvi zinazowekwa kwenye flashi kwa bei ndogo, ziliendelea. Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo wakitaka filamu za nje zisizolipiwa kodi ziondolewe sokoni. Wananchi wengi hawakuwaunga mkono: walijibu kwamba tengenezeni filamu nzuri kwanza. Jibu hilo lilikuwa na ukweli, ila lilisahau kwamba ubora unahitaji mtaji, na mtaji hauji kwa anayelipwa mara moja.

Televisheni, matamasha na intaneti

Soko la diski lilipodidimia, chaneli kama Sinema Zetu ya Azam zilianza kununua filamu. Tamasha la ZIFF, linalofanyika Zanzibar tangu 1998, limetoa nafasi kwa kazi za aina nyingine, ikiwemo T-Junction ya Amil Shivji, iliyofungua tamasha la mwaka 2017. Filamu yake ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilioneshwa Toronto mwaka 2021. Binti ya Seko Shamte iliingia Netflix. Mtazamaji wa Mbagala hukutana na kazi hizi kwa shida, kwa kuwa kumbi za kisasa ziko kwenye maduka makubwa kama Mlimani City na huduma za mtandaoni zinahitaji kadi ya benki na bando.

YouTube imekuwa njia ya wengi. Filamu nyingi za miaka ya 2000 zinapatikana humo na bado zinatazamwa. Mapato ya matangazo, pale yanapopatikana, humwendea mwenye haki, na kwa filamu iliyouzwa masta huyo ni aliyeinunua.