Mbamba Bay hadi Nkhata Bay: karibu kwa ndege, mbali kwa basi

Katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, kuna safari ya ndege inayokwisha kabla abiria hajakaa vizuri. Kutoka Westray hadi Papa Westray ni kama kilomita 2.7. Ratiba inasema dakika mbili, na rubani mmoja aliwahi kuimaliza kwa sekunde 53. Shirika la Loganair linairusha tangu 1967, na abiria wake si watalii peke yao: wamo walimu na madaktari wanaokwenda kazini.

Sasa njoo Mbamba Bay, upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa. Dagaa wameanikwa juani, wanawake wanawageuza kwa mikono na kufukuza kunguru, na hewa ikiwa safi milima ya Malawi inaonekana ng'ambo. Pima kwenye ramani, mstari ulionyooka hadi Nkhata Bay, upande wa Malawi: kilomita 60 na ushei. Ni pafupi kuliko Dar es Salaam na Unguja, ambako kiwanja kwa kiwanja ni kilomita 73 hivi na ndege ndogo hutumia dakika 20 tu. Hata boti ya mwendo wa kilomita 20 kwa saa ingevuka kwa saa tatu na kidogo, ziwa likiwa limetulia.

Kwa gari je? Unapanda milima ya Umatengo hadi Mbinga, kilomita 66 za kona, siku hizi za lami, na aliyewahi kukwama hapo masika anajua thamani yake. Halafu Songea, Njombe, Makambako, Uyole. Unateremka Tukuyu hadi mpakani Kasumulu, Karonga, Mzuzu, ndipo unashuka Nkhata Bay. Jumla yake ni takriban kilomita 1,000, kumfuata jirani ambaye milima yake unaiona ukiwa nyumbani.

Mkono wa Ulaya nao umo. Mkataba wa Julai 1, 1890, ambamo Uingereza iliwaachia Wajerumani kisiwa cha Heligoland, uliuchora mpaka kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa hili. Malawi inaushikilia mstari huo; Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Mabishano hayo hayajaisha, na mimi sioni kwa nini mwenye gunia lake la mahindi ayasubiri yaishe.

Wapo wanaoota kiwanja cha ndege ufukweni. Sipingi, ila hesabu haikubali. Ndege za Unguja zinajaa kwa sababu ya watalii na wafanyabiashara wa kila siku. Huku abiria ni wachache na mizigo yao ni dagaa, mahindi na kahawa, vitu visivyomudu nauli ya angani. Anayetaka ndege ya kwenda Dar anayo Songea.

Maji ndiyo yanayobeba mizigo ya namna hiyo. MV Mbeya II ilijengwa kwa ajili ya mwambao wetu, kati ya Kyela na Mbamba Bay. Kinachohitajika sasa ni chombo cha kuvuka, chenye siku na saa zilizobandikwa ukutani, na afisa uhamiaji aliyepo siku hizo, Mbamba Bay na Nkhata Bay. Wizara za nchi zote mbili, anzeni na safari moja kwa wiki.